Choo Kilichotembea na Mpaka

Ninyi mnaobaki kwenye ofisi ya makorongo mmenitaka niwaachie kitu cha maandishi, na nadhani mlitarajia orodha ya mifereji. Orodha iko kabatini, rafu ya pili, chini ya kofia za plastiki ambazo hakuna anayezivaa. Hapa nitaandika yale yasiyokuwa kabatini. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa. Mshahara nao nitaupita, kama ulivyokuwa ukitupita sisi.

Siku yangu ya kwanza sikupewa meza. Nilipewa nondo ya ujenzi, urefu wa kunifika kifuani, imechongwa ncha upande mmoja na upande wa pili imefungwa kitambaa. Aliyenipa ni Muzee Lambert, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Kazi yetu, aliniambia, ni kujua ardhi ya Bunia inataka kwenda wapi kabla haijaondoka. Udongo wetu mnaujua. Ukiwa mkavu unasimama wima kama ukuta wa kanisa, na ukilowa unaondoka bila kuaga.

Asubuhi hiyo alinipeleka kwenye mteremko juu ya kijito, kwa bwana mmoja mwenye migomba. Sijawahi kuona migomba mizuri namna ile: majani mapana, mikungu mizito, kijani mpaka chini. Mimi, mwenye adabu za shule, nikampongeza mwenye nyumba. Muzee Lambert alingoja bwana aingie ndani kutafuta viti.

“Binti, weye umeona nini?”

“Migomba mizuri, Muzee.”

“Tuko mwezi gani?”

“Wa pili.”

“Mvua ya mwisho ilinyesha lini?”

“Kabla ya Noeli.”

“Sasa hii migomba iko nakunywa ku nani?”

Akachoma nondo ardhini, kati ya migomba miwili. Iliingia mpaka kitambaa kikagusa majani makavu, kama kisu kwenye ugali. Aliichomoa, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, “Rudi nyuma. Polepole, sawa mutu ameona nyoka lakini hataki nyoka ijue.” Kumbe maji yote ya kuogea na kufulia ya nyumba ile, na ya nyumba mbili za jirani, yalielekezwa pale kwa mfereji wa siri. Bwana hakutaka kusikia habari za kuziba mfereji. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, migomba ilishuka kijitoni yote, imesimama, na mikungu yake. Watu wa ng'ambo walikula ndizi wiki mbili na wakasema Mungu anawakumbuka maskini.

Tangu siku hiyo nimeishi na kanuni moja, na kama hamna nafasi ya kusoma zaidi, chukueni hii mwende zenu: ukiona mmea unacheka wakati wa kiangazi, usiusifu. Uliza maji yanatoka wapi.

Muzee Lambert alinifundisha na mambo madogo. Mlango usiofunga vizuri una habari kuliko mwenye nyumba. Mita ya kitambaa lazima ikunjwe ikiwa kavu. Ile ya kwetu ilikuwa imevutika kwa uzee, kwa hiyo kwenye madaftari yetu ya miaka ile kila kitu cha Bunia ni kifupi kidogo kuliko kilivyo. Pima kila kitu unachokiona, alisema, hata kisichokuhusu, kwa sababu hujui kesho kitakachotembea ni kipi. Na andika maneno ya watu kama walivyoyasema. Ukiyanyoosha, utakuwa umepima kwa mita yako mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niwe na madaftari mengi kuliko nguo, jambo ambalo marehemu mume wangu alikuwa akilitaja mbele ya wageni.

Kisha vikaja vita. Miaka hiyo siandiki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akipima. Muzee Lambert alifariki katika miaka ile, ukimbizini, kwa ugonjwa ambao mahali penye dawa usingemuua mtu. Mimi nilirudi mjini na mita ndani ya gunia la unga, daftari nane kati ya kumi na tatu, na nondo ambayo nilikuwa nimeichimbia chini ya jiko. Nondo ilikuwa na kutu. Sisi wote tulikuwa na kutu.

Sasa niwaeleze ile kazi ambayo watu hunisimamisha barabarani kuniulizia.

Ilikuwa katika miaka ambayo amani ilikuwa imeshafika Bunia lakini ilikuwa inalala na viatu. Masoko yalifunguliwa, watoto walienda shule, na katika kila nyumba mfuko ulikuwa umefungwa tayari nyuma ya mlango. Wengi waliorudi hawakuwa na karatasi za viwanja. Karatasi zilikuwa zimeungua, zimelowa, au zimewashiwa jiko na watu waliopita. Kilichobaki ni mti wa mpaka. Mnaujua: shina jembamba, majani marefu kama panga, unachomeka hata kichwa chini na unaota. Kila lugha ya Ituri ina jina lake, nami sitachagua moja nikagombana na nyingine. Kwetu mti huo haupandwi na mtu mmoja. Jirani anashika shina, jirani anafukia. Ukipandwa na mikono miwili ni mpaka, ukipandwa na mkono mmoja ni wizi.

Na watu waliurudia mti huo kama hati. Ukiwa kijani, mwenyewe yupo. Ukikauka, kuna mtu atapita, atautazama, na atasema kwa sauti ya huruma kwamba hapa hapana mwenyewe. Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa Bunia, hiyo haikuwa methali, ilikuwa sheria ya viwanja.

Mama Dorika alikuja ofisini mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kiangazi kikiwa kimekaa. Alikuwa mjane wa ukoo wa wakulima, aliyetoka upande wa Djugu zamani alipoolewa, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na alikuwa akiongoza kwaya kweli. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na korongo.

“Mama, korongo iko nakula parsele yangu ku chini,” alisema. “Kila mwaka kidogo-kidogo, sawa mutu mwenye kuiba sukari.”

Nilienda kesho yake. Hiyo parsele, kiwanja chake, ilikuwa ya chini. Cha juu kilikuwa cha Papa Anicet, mtu wa ukoo wa wafugaji, mrefu, mkimya, mwenye kofia. Ng'ombe zake walikuwa wamebaki katika mazungumzo tu, lakini alikuwa bado na fimbo. Kati ya viwanja viwili, kukata mteremko, ulisimama mstari wa miti ya mpaka. Juu kidogo ya mstari huo palikuwa na choo cha Papa Anicet cha mbao na bati. Chini yake lilikuwa jiko la Mama Dorika, limeshikamana na nyumba.

Nilimwuliza kila mmoja mpaka ule ulipandwa na nani. Papa Anicet akasema baba yake. Mama Dorika akasema mume wake. Wote walisema kweli, mikono ikiwa miwili, lakini kila mmoja alikuwa amekumbuka mkono mmoja.

Halafu nikaona matope. Mwezi wa pili unakaribia, vumbi mpaka kwenye nyusi, na chini ya ile miti kandambili yangu ilibaki ardhini nilipoinua mguu. Papa Anicet alikuwa na robine, bomba la maji, uani na mpira mrefu, na kila asubuhi baada ya sala aliunyoosha mpira mpaka kwenye mti wa kwanza na kuuacha ukienda wenyewe hadi chai. Mama Dorika hakuwa na robine. Alishuka chemchemi kila jioni na bidoni mbili, akapanda nazo, akazimwaga kwenye miti ile ile kwa upande wake. Akiona Papa Anicet ameongeza, alirudi chemchemi.

“Papa, hii miti haiombi maji,” nilimwambia. “Ingekuwa inaomba, babu zetu wasingeitumia.”

“Angalia majani,” alinijibu. “Iko nageuka manjano. Ikikauka watasema mi sipo.”

Majani yalikuwa ya manjano kweli. Nilipochimbua kidogo, mizizi ilinuka kama muhogo uliosahaulika ndani ya maji. Sasa shikeni hili, vijana wangu, maana hamtalikuta kwenye semina: mmea wenye kiu na mmea unaozama hugeuka rangi moja. Mtu anaona manjano, anaongeza maji. Maji yanaozesha mizizi, manjano yanazidi, naye anakwenda kutafuta bidoni ya tatu. Na wakati huo yote yanayozidi yanashuka chini kimya, yanatafuta mahali ambapo udongo umeshikamana kwa mazoea tu.

Nilipima kila kitu, kama nilivyofundishwa. Nilianzia kwenye msingi wa mawe wa nyumba ya Papa Anicet, ambao umekaa pale tangu wakati wa baba yake. Toka msingi mpaka choo. Toka choo mpaka mstari wa miti. Toka miti mpaka jiko la Mama Dorika. Niliandika yote. Kisha nikafanya kosa langu. Nilimwachia kila mmoja karatasi yenye muhuri, na juu yake neno moja: *Punguzeni.* Papa Anicet alilisoma akaelewa kwamba Mama Dorika apunguze. Mama Dorika alilisoma akaelewa kwamba Papa Anicet apunguze. Walifurahi wote wawili kwamba serikali imewapa haki.

Baada ya wiki nne shefu wa avenue, mkuu wa mtaa ule, alinitumia ujumbe nije upesi, na nondo.

Nilikuta watu. Walikuwa wamejigawa, kundi moja upande wa juu, kundi moja upande wa chini, na katikati miti ya mpaka, imesimama vizuri, wima, imenyooka kama askari. Isipokuwa haikuwa mahali pake. Mtu yeyote aliyekuwa amezoea kupita pale angeona: ilikuwa imesogea chini, karibu na jiko la Mama Dorika, na jani moja lilikuwa linaingia dirishani.

“Korongo inanikula ku chini, na huyu ananikula ku juu,” Mama Dorika alikuwa akisema, hana haja ya kupaza sauti, sauti yake ilitosha. “Nikilala nanyoosha miguu, naguswa na mpaka yake.”

“Mi sikugusa hata jani,” Papa Anicet alisema.

“Ilitembea yenyewe? Iko na viatu?”

Mimi sikuwa nawaangalia wao. Nilikuwa naangalia vijana waliosimama nyuma ya kila kundi, mikono nyuma ya mgongo. Miaka ile ukiona kijana ameweka mikono nyuma, ulihesabu. Mpaka ukihamishwa haikuwa tena habari ya majirani wawili. Kabla ya jioni ingekuwa habari ya watu wa huku na watu wa kule, na mjini tulikuwa tunajua hadithi hiyo inavyoendelea. Shefu wa avenue alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye mazikoni mapema.

Nilitoa mita na daftari. Nilimwomba Mama Dorika ashike kichwa cha mita kwenye msingi wa Papa Anicet, na Papa Anicet anyooshe mwisho wake, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Kijana mmoja wa upande wa juu akasema, “Ile mita ya kizamani imevutika, kila mutu anajua.”

“Imevutika,” nilikubali. “Ilikuwa imevutika wiki nne zilizopita pia. Inadanganya kila siku uongo ule ule, ndiyo maana naiamini.”

Toka msingi mpaka mstari wa miti: sentimita sabini zaidi kuliko nilivyoandika. Mngurumo ukapita kundi la chini. Nikainua mkono, nikasema bado. Tukapima toka choo mpaka mstari wa miti. Haikubadilika hata kidole. Kisha toka msingi mpaka choo. Nilisoma, nikampa shefu asome, naye akasoma kwa sauti kama anasoma waraka wa kanisani: sentimita sabini zaidi.

Watu wakaanza kupiga hesabu. Mama Dorika ndiye aliyefika kwanza.

“Donc alisukuma na choo?”

“Muulize,” nilisema.

Papa Anicet alitazama choo chake kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyerudi amebadilika. Akavua kofia.

“Mi naingia mule kila asubui,” alisema taratibu. “Na leo niliingia. Hakuna mutu alinisukuma.”

Mtu mmoja upande wa chini alianza kucheka, akajaribu kuzuia, ikatoka puani. Mzee mmoja wa upande wa juu akauliza kama Papa Anicet alilipa nauli. Basi hapo ikawa kelele, watu wanashikana mabega, na mikono ikatoka nyuma ya migongo, kwa sababu mwanadamu hawezi kucheka vizuri mikono ikiwa nyuma. Sitaandika mikono ile ilikuwa imeshika nini. Iliviacha kwenye majani, na watu wakapita baadaye kuviokota bila kutazamana.

Walicheka, mimi nikapima la mwisho. Mpaka ulikuwa umeshuka sabini. Ulipaswa kulisogelea jiko la Mama Dorika kwa sabini. Nilipima mara mbili. Ulikuwa umelisogelea kwa arobaini tu. Nikakaa chini na daftari. Zile thelathini zilikuwa zimekwenda wapi?

Jiko lilikuwa limekimbia nazo. Nyumba nzima ya Mama Dorika ilikuwa imeanza safari, na mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa korongo.

Nilimwomba anionyeshe mlango wake. Ulikuwa haufungi tangu Jumapili. Alikuwa ameufunga kwa kamba ya katani na kumlaumu fundi.

“Mama Dorika, utoke humu kabla ya mvua,” nilimwambia.

“Apana.”

“Sisemi ukimbie. Nakuambia nyumba iko inateremka.”

“Mama Mita,” alisema, maana hilo ndilo jina mlilonipa na mtaa mzima ukalikubali, “mara ya mwisho niliambiwa nitoke siku tatu tu. Siku tatu. Nilirudi kisha miaka ine. Nilikuta mutu simujui anakausha nguo ku mulango yangu, ananiuliza niko namutafuta nani. Weye unataka nitoke tena, nikirudi nikute nani? Wacha niteremuke na nyumba. Angalau batajua nilikuwa ndani.”

Hakuna kipimo cha nondo kinachomwonyesha mtu kwamba safari hii atarudi. Nilikaa naye kwenye kizingiti, na kwa kweli nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki kuhusu watu na alikuwa amekosea kuhusu udongo, na udongo hausikilizi haki.

Kilichonisaidia ni sheria yenyewe ya mti. Niliandika PV, ile taarifa rasmi ya ofisi, siku hiyo hiyo, mbele ya shefu: kwa kuwa mpaka umehama bila mkono wa mtu, majirani wote wawili wataung'oa na kuupanda upya, mikono miwili, mahali ambapo ardhi ni imara. Maneno ya mwisho niliyaweka kwa makusudi, na nakiri hapa kwamba nilikuwa najua yatatufikisha wapi. Sikuwaambia. Kuna mambo ambayo mtu lazima ayachimbe mwenyewe.

Tulianza asubuhi. Mti wa kwanza ulipong'olewa, shimo lilijaa maji. Wa pili, maji. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili, mji mzima unatafuta maji, na pale tulikuwa tumechimba chemchemi sita kwa mstari. Papa Anicet alisimama juu ya shimo moja, ameegemea fimbo.

“Hii maji ni yako ao yangu?” alimwuliza Mama Dorika.

Mama Dorika aliinama akatazama. “Imechanganyika,” alisema.

Nadhani maji yale yalikuwa kitu cha kwanza walichokuwa nacho pamoja tangu warudi.

Kisha nikaanza kutafuta ardhi imara. Nilichoma nondo pale mpaka ulipokuwa zamani, ikazama. Nikapanda hatua tatu, ikazama. Nikafika chooni, ikazama. Nyuma ya choo, ndani ya majani, nikawaonyesha ufa, mwembamba, umepinda kama tabasamu la mtu asiyekupenda, umezunguka kila kitu kuanzia choo hadi nyumba ya Mama Dorika. Nikauvuka. Nondo ikagonga, ikakataa, ikanirudishia mkono. Tulikuwa hatua kumi kutoka dirisha la Papa Anicet.

“Hapa,” nilisema.

Papa Anicet alitazama chini, akatazama nyuma, akapiga hesabu. Si mtu wa kuelezwa mara mbili. Kila kilichokuwa chini ya ufa ule, choo chake, mpaka, nyumba ya jirani, vyote vilikuwa abiria. Alimtazama Mama Dorika, ambaye naye alikuwa ameshaelewa na alikuwa anatazama upande mwingine, akisafisha udongo kwenye kucha kwa bidii kubwa.

“Kule ku kona, karibu na barabara,” Papa Anicet alisema hatimaye, kama mtu anayeongea na fimbo yake, “kulikuwa kraal ya ng'ombe za baba. Iko bule sasa. Ardhi imekanyagwa miaka makumi, hata korongo haiwezi kuitafuna. Weka nyumba yako pale.”

“Mi siombi parsele ya mutu.”

“Sikusema umeomba.”

“Na ile yangu ya chini?”

“Inabaki yako. Mi nitaifanyia nini? Nitaweka choo?”

“Batasema ulinifukuza.”

“Bataona mi na weye tunapanda. Shika shina.”

Mama Dorika hakushika. Aliniangalia mimi. “Andika kwanza,” alisema. Nikaandika: kwamba kiwanja cha chini ni chake hata kikiwa tupu, kwamba kona ya kraal ni mahali pake pa kukaa, kwamba hakufukuzwa na hakukimbia. Aliniambia nirudie neno *hakukimbia*. Nikalirudia, nikalipigia mstari. Shefu akatia sahihi, majirani wanane wakatia sahihi, wanne wa huku na wanne wa kule. Ndipo akapiga magoti akashika shina, na Papa Anicet, mgongo ukimlalamikia, akafukia. Waliizunguka kona yote hivyo, na waligombana kuhusu kila mti. Nilisikia nafuu. Majirani wanaogombana kuhusu mti mmoja mmoja wanategemea kuishi pamoja muda mrefu.

Alipomaliza, alimnyang'anya Papa Anicet ule mpira wa maji na kuukunja mwenyewe.

Walibomoa kwa siku nne. Mabati, milango, madirisha, miti ya paa, kila kitu kilipandishwa, na vijana waliobeba ni wale wale waliokuwa na mikono nyuma. Hakuna aliyekosa cha kushika. Matofali waliyaacha. Mama Dorika alibaki na mti mmoja wa mpaka, akaenda kuuchomeka peke yake kwenye kizingiti cha nyumba iliyokuwa haina paa. Nilimkumbusha kwamba mkono mmoja ni wizi.

“Jirani yangu wa huku ni korongo,” alinijibu. “Ikuje ishike.”

Ikaja. Mvua ya tatu ya mwezi wa tatu, mchana, watu wakiwa sokoni. Waliokuwa karibu walisema haikufanya kelele kubwa, ilikuwa kama mtu mnene amekaa kwenye godoro. Nilipofika, kuta hazikuwapo, choo hakikuwapo, na chini kabisa ndani ya korongo, juu ya rundo la udongo mwekundu, ulikuwa umesimama ule mti mmoja, wima, majani yakimeta. Papa Anicet na Mama Dorika walikuwa ukingoni, mbali vya kutosha, chini ya mwavuli mmoja ambao kila mmoja aliuvuta kidogo upande wake.

“Uliona,” Mama Dorika alisema. “Iliukubali mpaka.”

Alikuwa hai, na alikuwa na hasira kuhusu matofali yake. Nilienda kando ya barabara nikalia kidogo, mambo ambayo hayaandikwi kwenye PV.

Tangu hapo nimefanya kazi nyingi. Nimezuia bustani ya maua iliyokuwa inaangusha ukuta wa shule, nikachukiwa na kamati nzima ya akina mama. Nimeambiwa na daktari kwamba mchicha wake hauwezi kuvunja nyumba, na nimemsaidia baadaye kutafuta viatu vyake. Lakini tangu kwa Mama Dorika sijaandika tena *punguzeni* kwenye karatasi yoyote. Naandika *acheni*, nataja jina, nataja bidoni ngapi, na siondoki mpaka mtu huyo anisomee kwa sauti kwamba ni yeye anayeambiwa. Nanyi fanyeni hivyo. Neno linalowahusu watu wawili halimhusu hata mmoja.

Siku mliponiaga ofisini, wale wawili walikuja, mnakumbuka, walikaa nyuma na kubishana wakati wa hotuba. Mama Dorika bado anakaa kwenye kona ya kraal, na kiwanja chake cha chini, au kilichobaki, bado kina jina lake. Hakuna aliyekausha nguo pale. Walinipa zawadi: mti wa mpaka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Papa Anicet alishika kopo, Mama Dorika akafukia mbele yangu, ili isije ikawa wizi.

“Usiimwangie maji,” Mama Dorika aliniambia.

“Hata ikigeuka manjano,” Papa Anicet akaongeza.

“Mi njo nilikuwa nasema.”

Kopo liko barazani kwangu. Binti yangu, ambaye amesoma, hulimwagilia kila asubuhi akidhani nimelala. Sijamwambia kwamba najua. Kila Jumamosi natoa ile mita ya kizamani na kupima toka kopo mpaka ukutani. Mpaka leo halijasogea, lakini nimemwambia asiweke kiti chake upande ule.